Mifuko Myekundu ya Dada Mwamvua

Mtu akimwona dada Mwamvua Shaaban kwa mara ya kwanza humdhania mkali. Si mkali. Ni mtu aliyechoka kurudia jambo lile lile kwa watu wale wale, na uchovu wa namna hiyo ukikaa usoni miaka mingi hufanana na ukali. Mimi nimefanya naye kazi ukuta mmoja, yeye mkuu wa maabara, mimi Asma wa dirisha la dawa, katika kituo kidogo cha afya upande wa Ihumwa, mahali ambapo zamani palikuwa mashamba matupu na sasa nyumba mpya za bati la rangi zimeota katikati ya uwele. Ukuta wenyewe ni mwembamba. Akishusha pumzi upande wake, mimi huku nasikia.

Alizaliwa Kolo, kwenye vilima vya Kondoa, kwa baba aliyefuga nyuki. Shuleni mwalimu aliwahi kumwonyesha tone la maji ya dimbwi kwenye hadubini, na tangu siku ile hakugusa tena maji yasiyochemshwa. Nyumbani wakawa wanamwita Daktari kwa kumtania. Udaktari hakuupata, akapata maabara, na ukimuuliza atakwambia ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwanzo. Mumewe, Ibrahimu, ana karakana ya kuchomelea vyuma kule Kizota. Ni mtu wa maneno machache, bahati nzuri, kwa sababu mke akirudi jioni anakuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili.

Watu wengi hudhani kazi ya maabara inaishia kwenye majibu. Mgonjwa anapewa karatasi yake, anakwenda kwa daktari, basi. Lakini kila kipimo kinaacha mabaki. Kikopo cha makohozi ya mtu anayeshukiwa kifua kikuu, kichupa cha damu, sindano, pamba, glavu. Mgonjwa akishaondoka, hayo yote yanabaki na dada Mwamvua, na vijidudu vilivyomo havijui kwamba kazi imekwisha.

Utaratibu wake si mgumu. Vyenye ncha kali vinaingia kwenye boksi gumu la manjano. Vyenye maambukizi vinaingia kwenye mfuko mwekundu. Mifuko hiyo inapikwa kwanza kwenye otoklevu, chombo kama sufuria nene inayofungwa kwa skrubu, ambacho huua vijidudu kwa mvuke. Kisha inateketezwa kwenye kichomea taka nyuma ya jengo, tanuri la matofali lenye mlango wa chuma na bomba la moshi. Uchafu wa kawaida, karatasi na maganda ya matunda, una ndoo yake nyeusi. Mtu anayejua rangi tatu anaweza kuyafuata haya.

Mwaka mmoja vyombo vyote viwili vilitushinda kwa pamoja. Mpira wa mfuniko wa otoklevu ulipasuka, mvuke ukawa unatoka pembeni kama birika. Mlango wa tanuri nao uliliwa na moto mpaka ukachomoka kwenye bawaba. Tanuri lisilo na mlango halichomi, linafukiza tu, na kwa upepo wetu wa huku Dodoma, ambao haujui kutulia, vipande vya mifuko vilivyoungua nusu vilikuwa vinaruka mpaka kwenye kamba za watu za kuanikia nguo. Dada Mwamvua akazuia kuchoma. Akaanza kuifunga mifuko mara mbili mbili na kuirundika kwenye kistoo cha nyuma, huku akisubiri matengenezo.

Daktari Fabian, mganga mfawidhi wetu, ni mtu mwema, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Hakuwahi kumkatalia dada Mwamvua jambo hata moja.

"Daktari, mlango wa tanuri umeanguka."

"Nimeuona, dada. Ni hatari kabisa. Lazima tuushughulikie."

"Lini?"

"Mchakato tumeshauanza."

Mwezi ukapita. Kistoo kikajaa mpaka usawa wa dirisha. Akarudi tena ofisini kwake.

"Daktari, ule mchakato umefika wapi?"

"Unakwenda vizuri sana."

Angekataa, dada Mwamvua angepata mtu wa kugombana naye. Alikuwa anatoka ofisini mle ameshukuriwa, amepongezwa kwa kujali kazi, na mikono mitupu. Kisha nasikia ile pumzi upande wa pili wa ukuta.

Jumamosi moja Ibrahimu alikuja na tepu yake, akapima tundu la tanuri, akarudi Kizota. Wiki iliyofuata akaleta mlango mpya kwenye guta la magurudumu matatu, chuma kizito, bawaba nene, kitasa kirefu cha kushikia usiungue. Daktari Fabian akatoka kuutazama. Akausifia. Akampa Ibrahimu mkono. Kisha akasema hauwezi kufungwa.

"Hii ni mali ya serikali, kaka. Ukiufunga halafu ukamdondokea mtu, nani atajibu? Na wewe ni mume wa mtumishi wetu. Wakaguzi watasema tunapeana kazi kindugu."

"Simpi mtu kazi," Ibrahimu akasema. "Nimeleta mlango."

"Nakuelewa kabisa."

Mlango ukaegemezwa ukutani, hatua chache kutoka kwenye tundu lake, na hapo ukakaa.

Wakati huohuo, taka zilizidi kwa sababu watu hawakutenganisha. Mfuko mwekundu ukitiwa ganda la ndizi, ganda lile nalo linakuwa taka ya hatari, linaongeza rundo. Dada Mwamvua aliandika maneno makubwa juu ya kila ndoo. Hayakusaidia. Akabandika picha. Tabibu mmoja alisimama akazitazama, akamwambia zimependeza sana, na huku bado anamsifia akatupa kikombe chake cha chai kwenye ndoo nyekundu. Dada Mwamvua alikitoa kwa koleo mbele yake, akakipeleka kunakostahili, akarudi. Tabibu akacheka, akidhani ni utani.

Kuna jambo lililomfanya asiweze kucheka. Kazi yake ya kwanza ilikuwa zahanati moja ya upande wa Hombolo, na pale alikuwapo mhudumu wa usafi aitwaye Devota, rafiki yake wa kula naye mchana. Siku moja Devota alibana mfuko wa taka za kawaida kwa mikono ili ufungike, sindano iliyotupwa humo ikamchoma kiganja. Alinawa, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Miaka kadhaa baadaye akafariki kwa ugonjwa wa ini. Dada Mwamvua hajawahi kusema kwamba ni sindano ile. Husema hakuna anayeweza kujua, na kwamba hilo la kutojua ndilo linalomkera kuliko yote, kwa sababu aliyeitupa sindano ile naye hajui, huenda mpaka leo anajiona mtu safi.

Basi Jumatatu moja alifunga dirisha la maabara. Alibandika karatasi kwamba hapokei sampuli mpaka mifuko iondoke, akakaa ndani amekunja mikono.

Kufikia saa nne mabenchi yalikuwa yamejaa. Watu waliotumwa vipimo walirudi kwa madaktari, madaktari wakawarudisha maabara, na wote waliishia kwenye dirisha langu kuniuliza mimi, kana kwamba dawa naweza kutoa kwa kukisia. Daktari Fabian akaja mbio, akagonga.

"Dada Mwamvua, unataka kuniletea matatizo."

"Matatizo yako kistooni, Daktari. Mimi nataka yaondoke."

"Lakini nimekwambia nakubaliana na wewe."

"Ndiyo. Umeniambia sana."

Mgomo wake haukufika adhuhuri. Mama mmoja alikuwa amekaa chini karibu na mlango wake, mtoto amemlalia begani, shingo imelegea, na joto la yule mtoto ungelihisi ukipita tu. Hakuomba kitu. Alikuwa anasoma ile karatasi mlangoni, taratibu, akifuatisha maneno kwa midomo. Dada Mwamvua alimwona kupitia upenyo wa pazia. Nikasikia kiti kikisukumwa, nikasikia kitasa. Alimtoboa mtoto kidole, akasubiri kipimo, ilikuwa malaria, akaandika majibu, akamwelekeza kwangu. Nyuma ya mama yule tayari kulikuwa na watu wanne wamesimama, na mlango ulikuwa wazi, na hakuweza tena kuufunga.

"Hata kugoma siwezi," aliniambia baadaye kupitia ukutani. "Asma, mimi ni mtu wa ajabu. Nimeshindwa hata kukaa kitako."

Hata hivyo kelele za asubuhi zilikuwa zimemtisha Daktari Fabian. Siku iliyofuata akatoa gari. Dada Mwamvua akapiga simu hospitali kubwa mjini yenye kichomea taka kinachofanya kazi, wakamjibu aipeleke tu. Akavaa glavu nene, akaipakia mifuko yeye mwenyewe pamoja na Bashiri, dereva wetu, wakaifunika turubai, wakaibana kamba. Bashiri ni mtu mpole, wa kuitikia kila kitu. Dada Mwamvua alimweleza afikie mlango gani, amwone nani, asiifungue, asiibane, asimpe mtu mwingine. Akaitikia yote.

Alirudi mchana, gari tupu.

"Vipi?"

"Safi, dada."

Alasiri ile dada Mwamvua alikiosha kistoo kwa maji ya klorini kuanzia dari mpaka kizingiti. Akafungua dirisha lake lililokuwa limezibwa na mifuko kwa muda wote ule. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimsikia anaimba kaswida kwa sauti ya chini, na nikanyamaza na vidonge vyangu ili asijue kwamba nasikia.

Kesho yake, kabla sijamaliza kupanga dawa, mwanamke mmoja alisimama dirishani kwangu. Mtu mzima kidogo, kitenge kimefungwa kifuani, miguu ina vumbi mpaka magotini, fimbo mkononi.

"Nani hapa mwenye mifuko myekundu?"

"Shikamoo, mama. Mifuko gani?"

"Marahaba. Ile mliyokuja kutupa shambani kwangu."

Sikuhitaji kumwita mtu. Ukuta ulikuwa umeshasikia. Dada Mwamvua alitoka na koti lake jeupe, glavu mkono mmoja, mwingine mtupu.

Mwanamke yule alijitambulisha kwa jina la Ruthu, mke wa Mazengo. Shamba lake la uwele liko ukingoni mwa korongo, mwendo si mrefu kutoka barabara ya zamani. Jana mchana alikuwa juu ya ulingo anafukuza ndege, akaona gari lenye jina la kituo chetu mlangoni, likasimama, mtu akashuka, akatupa mifuko upande wa korongo na kuondoka. Alidhani ni mbolea. Jioni mbwa wakaichana mmoja. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi alimwacha mkwe wake, mke wa mwanawe, pale kuwazuia mbuzi, yeye akaja kwa miguu.

Dada Mwamvua alitembea mpaka uani, alikokuwa Bashiri anafuta vioo vya gari.

"Bashiri, mifuko uliipeleka wapi?"

Bashiri alimtazama, akamwona mama Ruthu nyuma yake, akaweka kitambaa chini.

Alieleza yote, na kilichokuwa kinaudhi ni kwamba yote yalieleweka. Alifika hospitali kubwa. Yule wa kwenye tanuri akamwambia mafuta yameisha, arudi Ijumaa. Akaomba angalau aiache mifuko pale, wakakataa, na wao wana rundo lao. Wakati bado anawasihi, Daktari Fabian akampigia simu: wageni wanakuja kikaoni, amfuate sasa hivi. Asingeweza kumpakia bosi na mifuko ile nyuma. Akapitia barabara ya zamani, akaishusha korongoni kwa muda, akikusudia kuifuata jioni. Jioni akaambiwa awarudishe wageni.

"Na mimi ukaniambia safi."

"Niliona umefurahi, dada," Bashiri akasema. "Nikashindwa."

Tulikwenda na gari lilelile. Mama Ruthu alikaa mbele. Mimi dada Mwamvua alinichukua niwe shahidi, alisema, kwa sababu alichoka kusimulia mambo peke yake. Nyuma tulipakia mifuko mipya, makoleo, beleshi, viatu vya mpira, barakoa na dumu la klorini.

Mkwe wa mama Ruthu alikuwa amesimama penye ukingo, ameifunika mifuko kwa matawi ya miiba kama mtu anayezungushia zizi. Mbuzi walikuwa mbali kidogo, wanatazama, hawana haraka. Bashiri alishuka akasalimia kwa Kigogo, kwa adabu zote, "Mbukwa, mama," na yule mwanamke kijana akaangalia pembeni bila kuitikia. Nilimwonea Bashiri huruma. Huku kunyimwa salamu si jambo dogo.

Mfuko mmoja ulikuwa umechanika kutoka juu mpaka chini. Vikopo vya makohozi vilikuwa vimezagaa kwenye mchanga. Vichupa vya damu vyenye vizibo vya zambarau na vyekundu vilikuwa vimeingia kati ya mashina ya uwele. Pamba imenaswa kwenye miiba, upepo unaichezesha.

Dada Mwamvua akaanza kutoa amri kwa sauti ya kawaida. Mimi na mama Ruthu tukae upande upepo unakotoka. Mkwe aondoke kabisa, akanawe. Bashiri avae glavu mbili mbili, viatu, barakoa, na asishike kitu kwa mkono hata akikiona kisafi, achukue kwa koleo. Wakaanza. Kila kilichookotwa kiliingia mfuko mpya. Walipomaliza kuokota eneo la katikati, akamwaga klorini juu ya mchanga, wakasubiri, kisha akauparua kwa beleshi na kuutia nao mfukoni.

Mama Ruthu aliuliza, "Kuna nini humu?"

Angeweza kusema ni taka za hospitali. Wengi wetu tungesema hivyo.

"Makohozi," dada Mwamvua akamjibu. "Damu. Choo. Vitu tulivyowapima watu. Vingine vina ugonjwa, vingine havina, na kwa macho huwezi kuvitenganisha."

Mama Ruthu alifikiri.

"Mimi nilikuja kwenu kabla ya uwele kutoa masuke. Nilikuwa nakohoa. Nikapewa kikopo, nikatema, nikaambiwa sina kitu."

"Basi ulikuwa huna kitu, mama."

"Lakini kikopo changu kimo humu."

"Huenda kimo."

"Kwa hiyo mmenirudishia."

Dada Mwamvua alisimama na koleo mkononi. Akageuka upande wa korongo, na nilidhani anaangalia kama kuna kilichobaki kule chini, mpaka nilipoona mabega yake. Hakulia. Alikuwa anahema kama mtu aliyebebeshwa mzigo mwingine wakati ule wa kwanza hajautua.

"Mifuko ni yangu, mama," akasema alipogeuka. "Ninakuomba radhi."

"Si wewe uliyeitupa."

"Lakini ni yangu."

Mama Ruthu hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema hawatoki pale mpaka mstari mmoja mmoja ukaguliwe. Akaingia mwenyewe katikati ya uwele, mikono nyuma, anainama bila kugusa, na kila baada ya hatua kadhaa anaita kwa sauti iliyochoka, "Hapa kuna kingine." Bashiri anakwenda na koleo. "Hapa kingine." Jua lilikuwa limeshapanda. Ndani ya barakoa na viatu vya mpira Bashiri alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye kope.

"Dada, sikujua yaliyomo ni haya," alisema chini chini.

"Ulijua mfuko ni mwekundu."

"Nilijua ni mwekundu."

Walipomaliza, dada Mwamvua alizungushia miiba ile sehemu, akamwambia mama Ruthu uwele avune tu, lakini asichume mboga ya mlenda hapo msimu ule, wala asiruhusu mtoto kucheza.

"Hapo ndipo mlenda unapoota vizuri," mama Ruthu akasema.

Dada Mwamvua akafumba macho.

Tuliporudi, Daktari Fabian alikuwa anatusubiri mlangoni, uso umembadilika. Alikwishasikia. Alimpeleka dada Mwamvua pembeni, lakini sauti zilifika.

"Dada, hili jambo tulimalize humu ndani."

"Ndani wapi, Daktari? Ndani hakuna nafasi. Nimerudi na mifuko yote, na ya mchanga juu yake."

Hata hivyo uamuzi haukuwa wao. Mama Ruthu alikuwa ameshapita kwa mwenyekiti wa mtaa. Jumapili ikafuata, na baada ya ibada watu walikuja uani kwetu wengi kuliko wanaokuja siku ya chanjo. Mwenyekiti akampa Daktari Fabian nafasi aeleze. Akaeleza vizuri, anajua kueleza: mlango umeharibika, otoklevu imeharibika, lakini mchakato unaendelea, mchakato una hatua zake, tuuache mchakato ukamilike.

Mama Ruthu akanyoosha mkono. "Huyo Mchakato tumemsikia mara nyingi. Kama ndiye mkubwa wenu, aitwe naye aje tumwone."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Halafu wakamgeukia Bashiri. Sauti zikatoka za kutaka aondolewe kazini. Bashiri alikuwa amekaa kwenye ukingo wa bustani ya maua, anatazama viatu vyake. Hapo dada Mwamvua akasimama.

"Amekosa," alisema. "Na mimi nimekasirika naye kuliko nyinyi. Lakini alikwenda mahali penyewe akarudishwa, halafu akaitwa na mkubwa wake. Mkimwondoa, dereva atakayekuja ataikuta mifuko ileile na njia ileile. Mimi sitaki mtu afukuzwe. Nataka mlango."

Kisha Daktari Fabian, na kwa hili nitamheshimu, akasimama tena bila kuambiwa. "Mimi ndiye niliyempigia simu," akasema. "Nilijua gari limebeba nini. Sikuuliza." Hakuongeza maelezo, jambo lililotushangaza wote.

Kamati ya kituo ilikubaliana palepale mlango ufungwe, wajumbe wakiwa mashahidi, na Ibrahimu akaitwa. Aliufunga alasiri moja, akajaribu kitasa mara kadhaa, akanawa mikono na kurudi Kizota. Otoklevu ilichukua muda zaidi. Mpira wa kwanza ulioletwa ulikuwa wa saizi nyingine. Wa pili ulikuwa saizi yenyewe lakini wa aina nyingine. Dada Mwamvua aliushika ule wa pili mkononi, akauzungusha, akauweka mezani taratibu sana, akatoka nje kutembea kuzunguka jengo. Wa tatu ukaingia. Mvuke haukutoka tena pembeni. Mifuko ilipikwa siku nzima, mmoja baada ya mwingine, harufu yake siwezi kuieleza, na kesho yake tanuri likawashwa.

Siku hiyo mama Ruthu alikuja. Hakuwa mgonjwa. Alisema amekuja kuona vinakokwenda.

Dada Mwamvua alikuwa na foleni mpaka nje, lakini alimwomba msaidizi wake ashike dirisha, akampeleka nyuma. Nami nikawafuata, dirisha langu nikalifunga kidogo. Alimwonyesha otoklevu, akampa barakoa, akamsimamisha mbali na tanuri. Mama Ruthu aliangalia mifuko ikiingia, mlango ukifungwa, moto ukivuma ndani. Akatazama juu kwenye bomba.

"Moshi huu unakwenda upande wangu."

Tulitazama wote. Ulikuwa unakwenda upande wake.

"Bomba ni fupi," dada Mwamvua akakiri. "Linatakiwa lipite paa la jengo."

"Basi lirefusheni."

"Tutalirefusha, mama."

"Sijaja kugombana," mama Ruthu akasema. "Nakwambia tu moshi unakokwenda." Akavua barakoa, akaikunja, akatafuta pa kuiweka, na dada Mwamvua akamwelekeza ndoo. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Ule uwele wa kona ile sijauvuna. Nimewaachia ndege."

"Uwele usingekudhuru, mama. Masuke yalikuwa juu, vitu vilikuwa chini."

"Najua. Nilikusikia siku ile. Lakini mkono ulikataa."

Dada Mwamvua aliitikia kwa kichwa tu. Walisimama hivyo kwa muda, mmoja anatazama tanuri, mwingine moshi, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni kusema kuna mtoto anahitaji kutolewa damu na msaidizi anashindwa kuupata mshipa. Dada Mwamvua akamsindikiza mama Ruthu mpaka kona ya jengo, akamuaga kwa kumgusisha kiwiko kwa sababu bado alikuwa na glavu, kisha akazivua na kwenda kunawa.